Linux ni ya bure, mega si za bure

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Siku ile Goma ilikuwa na mambo mengine ya kuhesabu. Tangu M23 iingie mjini mwisho wa Januari mwaka ule, mabenki yalifunga milango, kiwanja cha ndege kikafungwa, na hata mwenye kuwa na makuta kwenye konti hakujua ataitoa wapi. Nani angepata nguvu ya kulilia Windows?

Lakini, vijana wenzetu, ile tarehe inatuhusu. Pita Birere, pita Majengo, pita pembeni ya unif yoyote ya mji huu, ingia ndani ya sekretariati pabliki kule wanafunzi wanachapishia TFC na mashomeri wanachapishia CV. Mashini nyingi ni za okazi. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 na kuendelea. Laptopu ya mwaka 2013 haina hata nafasi ya kuomba. Itaendelea kuwaka, itaendelea kuchapa, lakini matundu yake ya usalama hayatazibwa tena. Microsoft iliongeza mwaka moja, mpaka Oktoba 2026, kwa masharti yake. Nyuma ya hapo, kila mtu na Mungu wake. Na tunajua wote namna virusi inatembea hapa kwetu: flashi moja inapita kwa mashini kumi kabla ya saa sita.

Njo maana wengi wetu tunashauria watu Linux, na tutaendelea kuwashauria. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Ubuntu, ile inayojulikana sana, ilitoka mwaka 2004 kwa makuta na mawazo ya Mark Shuttleworth, mtoto wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji mtafsiri kwetu: ni utu. Hakuna kraki, hakuna leseni ya kuibia. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, inapewa masasisho ya usalama kwa miaka 5. Laptopu ya okazi inapata maisha mengine.

Lakini hapo njo matata inaanzia. Masasisho, ile tunaitaka mizajuri, hayashuke toka mbinguni. Yanapita kwa modemu ao kwa simu, na kila mega inalipiwa. Kitu cha bure kikipita njia ya kulipia, mwisho wake unalipa tu. Msimamo wetu ni huu: kijana wa Goma hashindwi na Linux, anashindwa na bei na ubovu wa njia inayomletea Linux. Na ili tuweze kudai njia hiyo itengenezwe, lazima kwanza tujue kutofautisha kosa la mashini na kosa la wakubwa.

Tuache kuformati kila kitu

Sisi ambao tulimaliza unif na kazi haijaonekana, tumekuwa mafundi wa mtaa. Malalamiko ni yaleyale: "Modemu yangu haikubali na Linux." Na dawa ni ileile: formati, rudisha Windows ya kraki. Ni kama kubomoa nyumba juu ya kitasa. Kosa iko na anwani yake. Tuitafute ngazi kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza: je, mashini inaona modemu? Fungua terminali, andika lsusb. Kama modemu ni ya Huawei, utaona namba inayoanza na 12d1. Usipoona kitu, usilaumu Linux bado: badilisha tundu la USB, ondoa kamba ndefu. Modemu inakula umeme, na tundu la laptopu iliyozeeka linaweza kukosa nguvu.

Ngazi ya pili: inaonekana, lakini kama nini? Modemu nyingi, ukizichomeka, zinajitambulisha kwanza kama CD, ile yenye programu ya Windows ndani. Lazima kitu kiziambie zigeuke modemu. Kazi hiyo inafanywa na programu ndogo, usb-modeswitch. Kama haiko, iweke. Utasema: nitaipata wapi, na intaneti sina? Chukua simu ya Android, iunganishe na kamba ya USB, washa kugawa intaneti. Kawaida Linux inaipokea kama kadi ya rezo bila kukuomba kitu.

Ngazi ya tatu: andika mmcli -L. Modemu ikionekana pale, mashini imemaliza kazi yake. Angalia PIN ya SIM, halafu APN. APN ni jina la mlango wa kampuni ya simu. Ukikosea herufi moja, unabakia inje. Linux inakuja na orodha ya APN za inchi nyingi, lakini orodha hiyo inachungwa na watu wa kujitolea, na inaweza kuzeeka. Hapa tumeshatoka kwenye mashini, tumeingia kwa kampuni. APN ingepashwa kuandikwa kwenye karatasi ya kila SIM inayouzwa. Kuna wakati tulienda kuuliza kwenye gishe ya kampuni moja. Wakatujibu kama mambo ya Linux si kazi yao. Tuliomba neno moja tu, jina la mlango wao wenyewe.

Ngazi ya ine: tarehe. Laptopu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inasahau siku kila umeme ukikatika. Ikiamka na kuamini kama tuko mwaka 2015, apt itakataa orodha za programu, itasema muda wake haujafika, na kurasa nyingi za intaneti zitakataa kufunguka. Watu wanasema: "Rezo iko mubaya leo." Rezo haina kosa. Rekebisha tarehe, kila kitu kitarudi.

Umeme ukikatika katikati

Ogopo nyingine ni hii: "Nilianzisha mizajuri, umeme ukaenda, mashini ikafa." Haikufa. Kusasisha ni kazi mbili: kupakua na kuweka. Kupakua kukikatika, hakuna hasara kubwa. Apt inachunga kipande kilichofika na kawaida inaendelea pale ilipoachia. Hatari iko wakati wa kuweka. Ikikatika hapo, andika sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt --fix-broken install. Mara nyingi inatosha.

Bora zaidi, tenganisha kazi hizo mbili. Amri sudo apt upgrade --download-only inapakua peke yake, haiweki kitu. Fanya hivyo usiku ule rezo iko na nguvu, ao siku ile uko na forfe inayokaribia kuisha. Kesho yake, betri ikiwa imejaa, andika sudo apt upgrade, na mashini itaweka yale iliyokwisha kuchukua bila kula mega nyingine kwa ajili yao.

Na hapo iko siri ambayo kila kundi la vijana lingejua. Faili zile zinakaa ndani ya /var/cache/apt/archives. Kabla ya kuziweka, zikopi kwenye flashi. Jirani mwenye Ubuntu ya toleo lilelile atafanya apt update, ambayo inakula mega kidogo tu kuliko masasisho yenyewe, halafu ataweka faili zako mahali palepale kwake. Kwa hiyo mtu moja analipa, kumi wanasasisha. Flashi ileile iliyokuwa inatembeza virusi, sasa inatembeza dawa.

Mega zinazoenda bila kuaga

Tunasikia pia: "Niliingiza forfe asubui, saa ine imeisha, sikufungua kitu." Wengine wanasema kampuni imeiba. Inawezekana kampuni iko na maneno ya kujibu. Lakini tuchunguze kwanza kwetu, juu mshitaki asiye na vidibiti anachekwa.

Linux inajua kuhurumia mtu wa forfe. Ikiona modemu ya kawaida, ao simu ya Android inayogawa intaneti, inahisi kama njia hiyo ni ya kupimiwa, na masasisho mengi ya kujiendesha yanangoja. Lakini kuna modemu za aina ya HiLink, zile zenye ukurasa wao kwenye 192.168.8.1. Hizo zinajionyesha kwa kompyuta kama waya wa kawaida wa rezo. Kompyuta inaamini iko kwenye biro ya Ulaya, kule intaneti inapita kama maji ya mto. Inaanza kujisasisha kimya kimya, na forfe yako inakwenda. Programu za aina ya snap, Firefox ya Ubuntu ikiwa ndani, zinatafuta masasisho mara ine kwa siku.

Dawa iko. Ndani ya mipangilio ya rezo, weka alama kwamba njia hiyo inapimiwa. Halafu andika sudo snap set system refresh.metered=hold. Kwa kuzizuia kabisa mpaka utakaposema wewe, iko sudo snap refresh --hold. Lakini tusidanganyane: kuzuia milele ni kurudi kule tulikotoka na Windows ya kraki. Unazuia ili uchague saa, si ili usahau.

Baada ya hayo yote, ikiwa mega bado zinapotea, sasa uko na kesi. Andika siku, andika saa, piga picha ya kipimo cha mashini na cha kampuni. Wenye kesi kama hizo wakiwa mia moja, hayo hayaitwi tena malalamiko ya mtaa.

Mambo ambayo terminali haiwezi

Kuna ngazi ya mwisho, na hakuna amri inayoitengeneza. Faili ya kuweka Ubuntu 24.04 inapita giga 5. Kijana anayenunua mega 100 kwa siku angehitaji siku zaidi ya 50 ili kuichukua, bila kufungua hata WhatsApp ya mamake. Mwaka 2005 mpaka 2011, kampuni ya Ubuntu ilikuwa inatuma CD za bure kwa posta kwa mtu yeyote aliyeomba. Waliacha, wakisema intaneti inatosha sasa. Inatosha kwa nani?

Tukumbuke pia historia yetu na njia hii. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku iliyofuata uchaguzi, ilikatwa tena, ikarudi nyuma ya wiki karibu tatu. Septemba 2020, Leta ilianzisha RAM, ile rejista ya vifaa vya simu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, dola 1 kwa ya 2G, zinakatwa moja kwa moja ndani ya yunite. Raia walipiga kelele, wakaendelea kupiga kelele, na mwaka 2022 ikafutwa. Tunaikumbusha juu watu wanapenda kusema kelele haibadilishe kitu katika inchi hii. Ile ilibadilisha.

Angalia pia karata. Waya wa bahari wa WACS unaingia Muanda tangu 2013, kilometa karibu 1,900 toka hapa kwa ndege. Mombasa, kule nyaya zingine zinapotokea, iko kilometa karibu 1,200, na katikati kuna mipaka. Kila sasisho tunalochukua linasafiri mbali namna hiyo, kila mtu na lake, faili ileile, mara elfu. Ni kama kila nyumba ya Goma itume chukudu yake mpaka Kibumba kwa kilo moja ya viazi, badala ya kujaza moja na kugawa sokoni.

Tunadai nini, na kwa nani

Dawa ya kujaza chukudu moja inajulikana duniani kote: kuweka ndani ya mji nakala ya hazina ya programu za Ubuntu na Debian. Diski ya tera chache, mashini moja ya kawaida, programu ya bure kama apt-mirror, na umeme usiokatika sana. Nakala inajisasisha usiku mara moja, halafu mji mzima unachukua hapo.

Kwa unif na vyuo vya Goma: nyinyi njo muko na vyumba, muko na wahandisi, muko na wanafunzi wanaotafuta kazi ya TFC. Wekeni nakala hiyo, na muifungue kwa raia wote, si kwa mwenye karte ya mwanafunzi peke yake. Mtu aje na laptopu yake, aunganishe kwa waya ao Wi-Fi ya ndani, asasishe, aende. Kwa kazi hiyo hahitaji hata mega moja.

Kwa watoa intaneti: muko na sehemu ya kubadilishana njia ndani ya inchi. Kinshasa iko KINIX, Lubumbashi LUBIX, na Goma ilipewa yake, GOMIX. Kazi ya sehemu hizo ni kwamba habari ya toka Himbi kwenda Ndosho isizunguke inje ya inchi kabla ya kufika. Wekeni nakala hapo, na mega za kuichukua msizihesabu kama mega za inje. Hamutapoteza kitu: faili hiyo mtainunua inje mara moja badala ya mara elfu.

Kwa kampuni za simu: andikeni APN kwenye kila SIM. Na forfe ambayo mtu ameilipa isikufe juu saa imefika. Mega zilizobaki ni mali ya aliyelipa, ziongezwe kwenye forfe inayofuata.

Kwa ARPTC, mwangalizi wa mawasiliano, na kwa FDSU, mfuko wa huduma kwa wote: Sheria 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inaongea juu ya huduma ambayo inapashwa kufikia kila raia. Haikuandika "isipokuwa Goma". Tunajua mji huu unapita katika wakati gani, na tunajua Kinshasa iko mbali kuliko zamani. Lakini kampuni zinauza forfe hapa kila asubui, na kazi ya kuziangalia ni yenu. Pimeni ubora wa rezo hapa pia, na mutangaze matokeo mji kwa mji.

Na kwetu sisi vijana: tusingoje. Katika kila mtaa iko hata mtu moja anayejua kufanya apt upgrade --download-only. Mpeni siku moja kwa mwezi, changeni makuta ya forfe moja, jazeni flashi moja, na mupite nayo sekretariati kwa sekretariati. Andikeni kwenye kaye: mashini ngapi zimesasishwa, mega ngapi zimelipwa, saa ngapi umeme umekatika, modemu ngapi zimekataa na kwa ngazi gani. Nyuma ya miezi mitatu, kaye hiyo itajua hali ya intaneti ya mtaa wako kuliko biro yoyote. Tutaibeba pamoja mbele ya wale tuliowataja hapa juu, na tutawaomba wajibu ukurasa kwa ukurasa.